Bila Kikomo, kwa Vigezo na Masharti: Mhadhara juu ya Matumizi ya Haki ya Data za Simu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya maneno mawili ambayo karibu kila mwenye simu amekwisha kuyasoma, nayo ni "bila kikomo". Maneno hayo huandikwa kwa herufi kubwa katika tangazo la kifurushi cha data, na chini yake, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu huzisoma kwa kuisogeza karatasi mbali na macho, huandikwa sentensi ya pili: vigezo na masharti kuzingatiwa. Mhadhara wangu unahusu hiyo sentensi ya pili, kwa sababu ndimo kinamokaa kikomo chenyewe, ambacho kampuni za simu hukiita sera ya matumizi ya haki.

Niutaje msimamo wangu mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kuandaa maswali. Sioni kosa katika kuwapo kwa kikomo. Kosa ninaloliona ni kwamba kikomo hicho, mara nyingi, hakipimi ile haki kinachodai kuilinda.

Tuanze na mnara. Mnara wa simu hurusha mawimbi katika masafa yenye upana maalumu, na tangu mwaka 1948, mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alipoonyesha kwa hesabu kwamba kila njia ya mawasiliano ina kiwango cha juu kabisa cha taarifa inachoweza kubeba, tumejua kwamba kwa upana ule ule, nguvu ile ile na kelele ile ile, hakuna ufundi utakaopita kiwango hicho. Wote walio katika eneo la mnara mmoja hugawana uwezo huo. Wakiwa kumi wanaotazama video kwa wakati mmoja, kila mmoja hupata fungu la kutosha. Wakifika mia mbili, kama inavyotokea uwanja wa mpira unapojaa, mafungu huwa membamba na kila skrini hubaki na kile kiduara kinachozunguka bila kufika popote. Hata hivyo, uwezo wa mnara hauwekwi akiba. Sekunde ambayo mnara umekaa bure saa tisa za usiku imekwisha kupotea, wala haiwezi kuhifadhiwa ili itumike jioni watu watakaporudi makwao. Naomba mlishike jambo hilo, kwani hoja yangu yote imesimama juu yake.

Kampuni inayotaka kumzuia mtumiaji mkubwa ina njia mbili, na wateja wengi huzichanganya. Njia ya kwanza ni kumrudisha nyuma katika foleni: akishapita kiwango fulani kwa mwezi, data zake hupewa nafasi ya chini, lakini pale tu mnara unapozidiwa. Mnara ukiwa mtupu, kasi yake ni ile ile ya jana. Njia ya pili ni kumkaba kasi moja kwa moja, kwa mfano hadi kilobiti 128 kwa sekunde, mchana na usiku, mnara uwe umejaa au uwe hauna mtu, mpaka mwezi wa kifurushi uishe. Mikataba huweza kuziita njia zote mbili kwa jina lile lile la matumizi ya haki, ingawa zimetofautiana kama mtu aliyeambiwa asubiri zamu yake na mtu aliyefungiwa mlango.

Ili tuone uzito wa njia hiyo ya pili, tufanye hesabu. Gigabaiti 1 ina takribani kilobiti milioni 8. Kwa kasi ya megabiti 30 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwenye mtandao mzuri wa kizazi cha nne, gigabaiti hiyo hushuka kwa muda usiofika dakika 5. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 17. Ukurasa mmoja wa tovuti wenye picha, tuseme wa megabaiti 2.5, huhitaji zaidi ya dakika mbili na nusu kufunguka, na programu nyingi hukata tamaa kabla ya hapo zikamwambia mteja kwamba hana intaneti. Ujumbe wa maandishi utapita, na simu ya sauti huenda ikapita kwa kukwaruza. Kampuni itasema kwamba huduma haijakatwa, na kwa maana ya kisheria huenda ikawa sahihi. Mtu aliyeshika simu hiyo mkononi atakuwa na maoni mengine.

Sasa turudi kwenye mnara. Mchukueni mtu anayepakua gigabaiti 40 kwa mwezi, zote kati ya saa saba na saa kumi za usiku. Hajamzuia mtu yeyote. Mchukueni na mwingine anayetumia gigabaiti 5 tu, zote saa mbili za usiku, mahali penye msongamano mkubwa kuliko pote. Huyu ndiye anayewabana wenzake, ijapokuwa hana kosa. Sera inayohesabu jumla ya mwezi itamkaba wa kwanza na kumwacha wa pili. Ikiwa lengo ni haki baina ya watumiaji, kipimo kimewekwa mahali pasipohusika, kwa sababu msongamano ni suala la saa na mahali, ilhali jumla ya mwezi ni suala la bili. Ndiyo maana naikubali njia ya foleni, na naitilia shaka njia ya kukaba.

Mahakama na wasimamizi wamekwisha kulichungulia jambo hili. Nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilikuwa imewauzia wateja wa simu janja vifurushi visivyo na kikomo, na mwaka 2010 ikaacha kuviuza kwa wateja wapya, huku waliokuwa navyo wakiruhusiwa kubaki navyo. Baadaye ikaanza kuwapunguzia kasi. Oktoba 2014, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliishtaki, ikieleza kwamba wateja wasiopungua milioni 3.5 walikuwa wamepunguziwa kasi, wengine baada ya kutumia gigabaiti 2 tu kwa mwezi. Kampuni haikuanza kwa kujibu kama ilidanganya au la. Ilibishania mamlaka ya tume hiyo kuishtaki, na mabishano hayo yalikula miaka. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 60 mnamo Novemba 2019.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Katikati ya mwaka 2018, moto mkubwa wa msituni ulipokuwa ukiteketeza kaskazini mwa California, kikosi cha zimamoto cha kaunti ya Santa Clara kilipeleka gari lake la mawasiliano, ambalo kazi yake ilikuwa kuratibu watu na vifaa kwa njia ya intaneti. Gari hilo lilikuwa na kifurushi cha kampuni ya simu ya Verizon kilichoitwa cha bila kikomo. Lilipopita gigabaiti 25, kasi ilishuka hadi sehemu moja ya mia mbili ya kasi ya awali, kazini kabisa, na mazungumzo ya kuirudisha yaliishia kwa kikosi kuhamia kifurushi cha bei ya zaidi ya mara mbili. Kampuni ilikiri baadaye kwamba ilikosea katika kumhudumia mteja huyo, kwa kuwa ilikuwa na utaratibu wa kuondoa vizuizi wakati wa dharura. Naamini kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Kizuizi kilifanya kazi yake kama kilivyoandikwa, na kilichoandikwa hakikuuliza kama mnara ulikuwa umezidiwa.

Niseme kidogo juu ya kugawia kompyuta mtandao wa simu, kwa maana kikomo chake mara nyingi huwa tofauti na cha simu yenyewe. Watu huniuliza kampuni hujuaje kwamba data zinakwenda kwenye kompyuta. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data kinachosafirishwa, hubeba namba inayopungua moja kila inapopita kwenye kifaa kinachoielekeza mbele, na simu nyingi huanza na 64. Pakiti ya kompyuta iliyoanza na namba hiyo, ikipitia ndani ya simu, hutoka ikiwa na 63. Ni njia mojawapo tu, lakini hunifurahisha kwamba siri nzima hufichuliwa na tarakimu moja.

Lipo pia kikomo ambacho nakiona cha uungwana, ingawa si kikarimu. Umoja wa Ulaya ulipoondoa gharama za ziada kwa watu wanaosafiri ndani yake, Juni 2017, uliziruhusu kampuni kuwawekea wateja wa vifurushi visivyo na kikomo kiwango cha data za safarini, lakini kiwango hicho hutokana na kanuni iliyo wazi: bei ya kifurushi bila kodi hugawanywa kwa bei ya juu ya jumla ambayo kampuni hutozana kwa gigabaiti, kisha huzidishwa kwa mbili. Mwaka 2017 bei hiyo ya jumla ilikuwa euro 7.70, kwa hiyo kifurushi cha euro 30 kilimpa msafiri karibu gigabaiti 7.8. Mteja mwenye kalamu anaweza kuikagua kampuni yake, na bei ya jumla ikishuka, kikomo chake hupanda chenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniletea mkataba wa bila kikomo, sianzi kwa kutafuta idadi ya gigabaiti. Natafuta kasi itakayobaki baada ya kiwango kupita, iliyoandikwa kwa tarakimu. Kisha natafuta kama inapungua wakati wa msongamano pekee au wakati wote. Yale makubaliano ya 2019 yaliitaka AT&T isiahidi chochote kuhusu kasi au wingi wa data bila kutaja vizuizi vyake mahali panapoonekana, wala isivifiche katika maandishi madogo. Kwa lugha ya matangazo yetu, vigezo na masharti vipandishwe juu, vikae kando ya neno lenyewe, kwa herufi za ukubwa ule ule.