Noti Iliyomezwa: Sabufa na Spika Zikae Wapi

Jamani karibuni, nianze na kitu ambacho ukirudi nyumbani utakipima mwenyewe. Weka wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kaa pale unapokaa siku zote: noti moja inavuma mpaka dirisha linatetemeka, inayofuata kama imemezwa. Sasa inuka, rudi nyuma nusu mita tu, ile iliyomezwa hiyo hapo. Sabufa, ile spika ya besi, haijaguswa, wewe ndo umehama.

Sababu ni kuta. Sauti inaenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita nane na nusu hivi, refu kuliko vyumba vingi, linagonga ukuta linarudi linapambana na lile linalokuja. Chumba cha mita 5 kinavuma kwanza kwenye hezi 34 hivi, ukutani besi inajaa, katikati kabisa inakufa, na katikati ndo tunapoweka kochi. Hapo ukipandisha besi kwa ekwalaiza hujazi hilo shimo, maana wimbi linaloenda na linalorudi yote mawili yameongezeka, unaichosha amplifaya bure. Anza kwa kusogeza kochi.

Kona nayo inaipa sabufa nguvu, kweli, ila inaamsha mivumo yote ya chumba kwa mpigo. Mimi naiamini njia hii: beba sabufa uiweke juu ya kochi, pale pale unapokaa, rudia wimbo uleule, halafu tambaa chini ukifuata kuta, sikio usawa ambao sabufa itakaa. Usikimbie, kila hatua subiri besi ipande na kushuka yote. Utafika mahali noti zinalingana, hakuna inayovimba hakuna inayozama, weka alama, sabufa ikae hapo. Inawezekana kwa sababu sabufa na sikio vikibadilishana nafasi matokeo ni yaleyale.

Mwenye sabufa mbili, moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zipige pamoja, ule mvumo wa hezi 34 zinauzima. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alilionyesha hili 2002, na mimi bora mbili ndogo kuliko moja kubwa.

Spika je? Ikiwa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma yake, sauti inayorudi kutoka ukuta huo inachimba shimo karibu na hezi 86, isogeze kidogo kidogo usikilize.

Haya, nani ana vipimo vya chumba chake? Nipe urefu na upana tuchore hapa ubaoni.