Bahati Nasibu na Deni la Shule Zetu

Ndugu wazazi, asanteni kwa kuitikia wito. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, nami nitaendelea kulisema: hapa Greensboro, shule anayosoma mwanao haijengwi kwa tiketi za bahati nasibu ya elimu inayoendeshwa na jimbo. Inajengwa kwa mkopo, na mkopo huo unalipwa na kaunti, yaani na sisi wakazi wake.

Katika jimbo la North Carolina, mishahara ya walimu hutoka kwa sehemu kubwa katika hazina ya jimbo, lakini majengo ni mzigo wa kaunti. Mwezi Mei 2022 wapigakura wa kaunti yetu, Kaunti ya Guilford, waliidhinisha hati fungani, yaani mkopo, za dola bilioni 1.7 kwa ajili ya kujenga na kukarabati shule, na siku hiyo hiyo wakaikataa nyongeza ya kodi ya mauzo ambayo ingesaidia kuzilipa. Basi deni likabaki kuegemea zaidi kodi ya ardhi na majengo.

Hapo ndipo huulizwa: je, fedha za bahati nasibu ya elimu zinakwenda wapi? Naomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu nimechoka kuona watu wakiridhishwa na matangazo. Sheria ya 2005 ililenga asilimia 35 ya mapato iende kwenye elimu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, mauzo yalizidi dola bilioni 4 na elimu ikapata takriban dola bilioni 1, ambayo ni pungufu ya robo. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilirudi kwa wachezaji kama zawadi, na mwenye duka huchukua senti 7 katika kila dola. Sheria hiyo hiyo iliagiza asilimia 40 ya fungu la elimu iende kwenye majengo. Ulipofika mdororo wa uchumi, mwaka 2009, sehemu ya fedha hizo ilichukuliwa kuziba pengo la bajeti ya jimbo. Kisha Bunge la jimbo likaacha kuifuata ile asilimia, na kwa miaka mingi kaunti zote 100 zikagawana dola milioni 100 tu kwa mwaka, ingawa mauzo yalikuwa yakipanda.

Sasa zigaweni hizo milioni 100 kwa idadi ya wanafunzi. Guilford ina takriban mwanafunzi mmoja katika kila ishirini wa jimbo zima, kwa hiyo fungu lake ni kama dola milioni 5. Chukueni ile bilioni 1.7, mfikirie kwamba imekopwa yote kwa mkupuo kwa riba ya asilimia 4: riba peke yake, kabla hamjagusa hata dola moja ya deni lenyewe, ni milioni 68 kwa mwaka. Ndiyo, sheria inaruhusu fedha za bahati nasibu zilipe madeni ya ujenzi wa shule yaliyoingiwa tangu Januari 2003, na msaada huo si wa kudharau. Lakini milioni 5 haziwezi kuitwa mlipaji wa deni la ukubwa huo.

Najua yupo atakayesema, "Sisi ni wapangaji, kodi ya majengo inatuhusu nini?" Inakuhusu kila mwezi, ndugu yangu, kwa sababu mwenye nyumba huipakia katika kodi ya pango. Na mwingine atasema kwamba hanunui tiketi kwa sababu dini yake inakataza kamari. Namheshimu sana, ila kutonunua kwake hakumwondolei haki ya kuuliza fedha hizo zinatumikaje, kwani ni fedha za umma.

Muda umenibana, kwa hiyo nitaugusa tu mfuko wa majengo ulioanzishwa mwaka 2017, ambao nao hulishwa na bahati nasibu. Kaunti haigawiwi fungu moja kwa moja; ni lazima iombe, na kaunti zenye uchumi dhaifu ndizo zilizokusudiwa kwanza.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na sheria inawalazimu makamishna wanaoiongoza kaunti kuwasikiliza wananchi hadharani kabla ya kupitisha bajeti. Nendeni mkawaulize mambo mawili: mwaka huu kaunti inalipa kiasi gani kwa madeni ya shule, na kati ya hizo ni dola ngapi zimetoka kwenye bahati nasibu? Mkihitaji mkalimani, waombeni mapema. Msisubiri siku ya kikao.