Mikono iliyouzaa muziki wa viwandani

Habari za jioni, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za muziki wa viwandani, ambao wengi wenu, mkiusikia kwa mara ya kwanza, mtauita kelele. Sitawabishia. Ni kelele, na waliouanzisha walitaka iwe hivyo. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba kelele hizo ziliundwa kwa mikono, tena mikono ya watu ambao wengi wao hawakuwa wanamuziki.

Simulizi nyingi huanzia Italia mwaka 1913, mchoraji Luigi Russolo alipoandika kwamba sikio la mtu wa mjini limekwisha kuzoea mashine na sasa linadai muziki wa mashine. Akaunda masanduku yenye kunguruma na kulia. Wengine huanzia Baku mwaka 1922, Arseny Avraamov alipopanga ving'ora vya viwanda, honi za meli na mizinga vilie kwa pamoja. Wengine Paris, 1948, Pierre Schaeffer alipotunga kipande kizima kwa sauti za garimoshi. Hao wote ni mababu, nawapa heshima yao. Lakini mimi naanzia Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, katika chumba cha darini cha kijana mmoja, mwaka 1973.

Kijana huyo ni Chris Watson, fundi wa simu. Wenzake ni Richard H. Kirk na Stephen Mallinder. Jina la kundi lao, Cabaret Voltaire, walilichukua kutoka klabu ya wasanii wa Dada, harakati ya sanaa iliyokaidi kanuni zote, iliyofunguliwa Zurich mwaka 1916. Sheffield ulikuwa mji wa chuma. Nyundo kubwa za viwandani zilikuwa zikisikika mpaka vitandani mwa watu. Vijana hawa hawakuwa na mpiga ngoma. Walikuwa na vinasa sauti.

Tazameni walivyofanya, maana hapa ndipo penye siri. Unarekodi sauti kwenye utepe wa sumaku. Unaukata kwa wembe kipande chenye urefu unaoutaka, unaunganisha ncha zake mbili kwa utepe wa gundi mpaka kiwe kitanzi, kisha unakipitisha kwenye kichwa cha mashine. Sauti ile inajirudia, inajirudia, haichoki. Utepe mfupi, mapigo ya haraka. Utepe mrefu, mapigo ya polepole. Hahitajiki mtu wa kujua nota. Anahitajika mtu mwenye wembe na subira. Mei 1975 walipanda jukwaani kwao Sheffield, na mahali pa ngoma wakaweka kitanzi cha sauti ya nyundo ya mvuke. Wasikilizaji wakawavamia, ngumi zikapigwa, na Mallinder akaishia hospitalini.

Mwaka huohuo, London, likazaliwa Throbbing Gristle, kundi la watu wanne: Genesis P-Orridge, Cosey Fanni Tutti, Peter Christopherson na Chris Carter. Wawili wa kwanza walitoka mji wa bandari wa Hull na kikundi cha sanaa za maonyesho. Oktoba 1976 maonyesho yao katika jumba moja la sanaa la London yaliwaghadhibisha wengi, na mbunge Nicholas Fairbairn akawaita waharibifu wa ustaarabu. Magazeti yalilishikia bango jambo hilo, na hadi leo kila anayesimulia habari zao huanzia hapo. Naona tunapotezwa njia. Mtu wa kumtazama ni Carter.

Carter alikuwa na mkono wa fundi redio wa mtaani. Mchoro wa kifaa cha gitaa ulikuwa umechapishwa katika jarida la mafundi wa elektroniki, yeye akauchukua, akaubadilisha, akalehemu vifaa vyake mwenyewe na kuwagawia wenzake. Ndani ya kisanduku hicho kuna saketi inayotoa mawimbi ya polepole, na mawimbi hayo ndiyo yanayofungua na kufunga sauti inayopita. Ingiza gitaa, linatoka likipwita na kukoroma. Ingiza sauti ya mtu, inatoka kama mashine inayokaribia kufa. Kisanduku kile ndicho kilichowapa sauti yao, kuliko ilani yoyote waliyoandika. Christopherson, ambaye riziki yake ilikuwa kubuni majalada ya santuri, yeye alipiga kanda: alichomeka sauti alizozikusanya mitaani na kwenye redio katikati ya muziki.

Wakaanzisha lebo yao wenyewe, Industrial Records. Msanii Mmarekani Monte Cazazza ndiye aliyewapa kaulimbiu: muziki wa viwandani kwa watu wa viwandani. Santuri yao ya kwanza ndefu ilitoka mwaka 1977, nakala 785 tu. Hawakungoja kampuni kubwa iwakubalie, na jambo hilo lilienea haraka kuliko hata sauti yao.

Kuna upande ambao siwatetei. Nembo ya lebo ile ilikuwa picha iliyopigwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na nyimbo zao zilijaa wauaji na mateso. Walisema wanaionyesha jamii uso wake. Lakini waliofuata wengi waliiga picha bila hoja, na aliyepoteza ndugu kambini hana wajibu wa kukisia nia ya msanii. Doa hilo muziki huu haujalifuta.

Kwingineko mambo yalikuwa yakichemka bila kuagizwa na mtu. Sydney, mwaka 1978, lilianza kundi la SPK, na waasisi wake walikutana wakifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Berlin Magharibi, Aprili 1, 1980, kundi la Einstürzende Neubauten lilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Mpiga ngoma wao N.U. Unruh, kwa ufukara, aliuza ngoma zake, akaanza kupiga vyuma chakavu. Mwaka huohuo walirekodi ndani ya uwazi wa daraja la barabara kuu. Mapigo ya chuma na mwangwi wa zege, basi.

Throbbing Gristle walivunjika mwaka 1981. Baadaye wanamuziki wa Chicago wakaongeza midundo ya dansi na magitaa mazito, na jina likaenda redioni. Hiyo ni hadithi ya mhadhara mwingine.

Mimi moyo wangu uko kwa Test Dept, vijana wa New Cross, kusini-mashariki mwa London, walioanza mwaka 1981 wakiokota vyuma katika viwanda vilivyotelekezwa. Wachimba makaa ya mawe walipogoma kuanzia Machi 1984, Test Dept walizunguka wakiwachangia fedha, kisha wakatoa santuri pamoja na kwaya ya wachimbaji waliogoma wa Wales Kusini. Upande huu vijana wanagonga chuma. Upande huu wazee wa mgodini wanaimba kwa sauti nne walizozizoea kanisani. Nitawapigia dakika chache za santuri hiyo sasa hivi, kisha tupokee maswali.