Mwenye Jengo Anapolihitaji Duka Lake: Notisi, Nia na Ushahidi

Mabibi na mabwana, wenye majengo na wapangaji mliofika leo, karibuni.

Swali linaloulizwa sana ni hili: jengo ni langu na ninalihitaji, mbona nisimwambie mpangaji atoke? Hapa Kenya jibu limo katika Sura ya 301, sheria ya 1965 inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Mkikubaliana kwa mdomo tu, au mkataba wenu wa maandishi usipozidi miaka 5, upangaji huo unalindwa. Wengi hudhani kutoandika mkataba kunawaachia uhuru wa kumtoa mtu wakati wowote. Kumbe ndiko kunakomweka mpangaji chini ya ulinzi wa sheria.

Kifungu cha 7 kinataja sababu za kumtoa mpangaji. Zinazohusu haja ya mwenye jengo hasa ni mbili: anakusudia kubomoa au kujenga upya, na kazi hiyo haiwezekani mpangaji akiwa ndani, au anakusudia kulitumia jengo yeye mwenyewe, kwa biashara yake au makazi yake, kwa muda usiopungua mwaka 1. Zingatieni hilo neno mwenyewe. Ukiandika kwamba unataka kufungua duka, kisha kwenye ushahidi ikaonekana duka ni la mwanao au la shemeji yako, umempa wakili wa mpangaji silaha.

Sasa notisi, maana hapa ndipo kesi nyingi hufia. Barua ya kawaida haitoshi, hata ikiwa na mhuri wa wakili. Inatakiwa Fomu A iliyowekwa na kanuni, itaje sababu, na imtake mpangaji ajibu ndani ya mwezi 1 kama anakubali au anakataa. Muda wa chini ni miezi 2, nao huhesabiwa tangu siku ya kupokea, si siku ya kuandika. Notisi iliyopokewa tarehe 10 Machi haiwezi kuanza kazi kabla ya 10 Mei. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, salama zaidi ni kuandika 1 Juni. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, fuata huo. Mpe mpangaji mkononi, asaini nakala na aandike tarehe, au tuma kwa posta ya rejista na utunze risiti. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Diani Boutique mwaka 1995, ilishikilia kwamba utaratibu huu ni wa lazima.

Mpangaji naye ana kazi mbili, si moja. Amjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya ule mwezi, na apeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, lile tuliitalo BPRT, kabla ya tarehe ya notisi kufika. Wako wanaoandika barua ya kukataa, wakarudi kuuza, wakidhani yamekwisha. Tarehe ikipita bila shauri, notisi inashika. Shauri likifunguliwa kwa wakati, notisi inasimama hadi uamuzi utoke.

Mbele ya Baraza, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye jengo. Kusema “nina haja” hakutoshi. Nia iwe imeiva na uwezo uonekane. Kwa ujenzi, lete ramani zilizoidhinishwa na kaunti, makubaliano na mkandarasi, na barua ya benki inayoonyesha fedha zipo. Kupaka rangi na kubadilisha mabati si kujenga upya. Kwa matumizi yako mwenyewe, onyesha usajili wa biashara, mtaji, na kwa nini chumba hiki hasa, ilhali kilicho kando yake nacho ni chako na kimefungwa. Ikidhihirika kwamba ulimtaka mpangaji alipe kodi maradufu, akakataa, kisha haja ikazuka wiki iliyofuata, nia yako itatiliwa shaka, na ni haki itiliwe. Watu wamelipa gudwili, yaani kilemba cha kuingilia dukani, wamejenga wateja kwa miaka. Asiondolewe mtu ili mwingine alipe kilemba kipya.

Ukishindwa, huwezi kurudi na notisi ya sababu ileile kabla ya miezi 12, isipokuwa Baraza liamue vingine. Rufaa huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30. Mpangaji, muda wote huo endelea kulipa kodi na utunze risiti: ukichelewa miezi 2, umemzalia mwenye jengo sababu nyingine ambayo hata hakuwa nayo.