Upepo kwanza, umeme baadaye: mazungumzo na manseba, waendesha pikipiki za abiria wa Lubumbashi, kabla ya baridi

Asanteni. Kaeni. Na nyie wa nyuma zimeni injini, petroli si ya bure.

Najua wengi mmekuja kwa sababu mmesikia nitazungumzia vishikio vya umeme, vile vinavyopasha viganja joto. Nitavifikia. Lakini walionisikiliza miaka ya nyuma wanajua ninaanzia wapi, na wawili pale wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Ninaanzia kwenye upepo.

Kuna ndugu zetu wa Kinshasa wakisikia manseba analalamikia baridi wanauliza: baridi gani, mko Ulaya? Waje hapa mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, wabebe mtu kutoka Ruashi mpaka mjini. Tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiangazi mbingu haina wingu, kwa hiyo joto la ardhi linapotea lote usiku. Saa nane mchana unavua koti, alfajiri kipimo kiko chini ya digrii 10. Sema ni 8. Shika barabara ya Kipushi kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa: kwa hesabu ya watu wa hali ya hewa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni digrii 2. Na anayeupokea huo upepo ni wewe. Abiria amejificha nyuma ya mgongo wako, tena anakwambia ongeza mwendo!

Sasa kijana mmoja alinijia amewaka hasira. Amefungiwa vishikio vya umeme, anasema ni feki, ameibiwa. Nikamwambia washa, tusubiri. Muda si mrefu akawa hawezi kuviacha viganja palepale, vinaunguza. Nikamuuliza: feki iko wapi? Nikamwambia zunguka mpaka nje ya mji, urudi. Akarudi viganja vina joto, lakini vidole havikuweza kufungua zipu ya koti lake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemfungulia, kama mtoto.

Kishikio kinapasha kiganja peke yake. Mgongo wa mkono na vifundo vya vidole vinatazama mbele, na upepo unachukua kila kinachotolewa na umeme. Ni kuwasha mbabula, jiko la makaa, uani penye upepo na kushangaa nyumba haipati joto. Basi tukachukua bidon, dumu la plastiki la lita 20, tukaikata, tukafunga kipande mbele ya kila mkono. Akaenda tena njia ileile. Akarudi ananiuliza kama anaweza kuzima umeme.

"Lakini bidon inaharibu sura ya pikipiki." Nimelisikia hilo kila mwaka. Sura? Abiria anaangalia bei, haangalii bidon. Kitu cha kuangalia ni hiki: zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, kipande kisiguse breki wala klachi. Wale wanaofunika mkono kwa mfuko laini wawe macho zaidi, maana ukikimbia upepo unausukuma mfuko juu ya wenzo wa breki, breki inajishika kidogokidogo na taa ya nyuma inawaka njia nzima.

Mwingine atasema anavaa soksi mikononi. Nawaona! Soksi inapitisha upepo. Na glavu nene kiganjani, juu ya kishikio cha umeme, inazuia lile joto ulilolinunua. Unene uwe mgongoni mwa mkono, kiganjani iwe nyembamba, na isibane, damu ipite. Kifua nacho kifunikwe, hata kwa gazeti chini ya koti. Kifua kikipoa, mwili unapunguza damu ya vidole ili kulinda moyo na tumbo, na hapo hakuna umeme utakaokusaidia. Tena hili si suala la starehe. Ngozi ya kidole ikishuka chini ya digrii 15 hivi, kidole kinakuwa kizito. Ukichelewa nusu sekunde kushika breki kwa ule mwendo wa 60, umeshapita mita 8.

Haya, umeme, haraka, naona ndugu mwenyekiti anatazama saa. Jozi nyingi zinakula wati 30 mpaka 40. Wati 36 kwa volti 12 ni ampea 3. Betri ya Ah 5, yaani ampea 5 kwa saa moja, injini imezimwa, haimalizi saa mbili. Pikipiki zetu ndogo zinatoa umeme kidogo, na injini ikiwa inanguruma tu bila kwenda, pale soko la mtaa wetu wa Kenya kwenye msongamano, inatoa kidogo zaidi. Kwa hiyo ukisimama, zima. Waya upitie rilei, swichi ya umeme inayofuata ufunguo, ili usisahau na kukuta betri imekufa asubuhi. Fyuzi ni lazima, karibu na betri. Upande wa gesi, mkono wa kuongeza mwendo, acha waya uwe na ulegevu, kishikio kinazunguka. Ukivutwa utakatika, au gesi itagoma kurudi, na hiyo ni hatari kubwa kuliko baridi. Kushoto kunapoa zaidi kwa sababu chuma cha usukani kinakunywa joto. Kulia kuna bomba la plastiki katikati. Si feki, msinirudie na hilo.

Gundi ya kubandikia vishikio nimeiruka, basi. Wenye bidon njooni chini ya mwembe, kisu ninacho, na mtu alete waya wa kufungia.