Mwanafunzi wa tiba wodini wakati wa janga

Ndugu walimu, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuanza wodi.

Mwaka 1847 hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Moja ilikuwa ya wakunga, nyingine ya madaktari na wanafunzi wa tiba. Homa ya uzazi iliua akina mama wengi zaidi katika ile ya wanafunzi wa tiba, na jambo hilo halikuwa siri: walikuwapo wajawazito waliopiga magoti wakiomba wapelekwe kwa wakunga. Daktari Ignaz Semmelweis alipata jibu pale rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alipokatwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafariki kwa ugonjwa uliofanana na wa wale akina mama. Wanafunzi walikuwa wakitoka kwenye maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima akina mama waliokuja kujifungua. Akaagiza mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka sana.

Wale hawakuwa wanafunzi wazembe. Bidii yao ndiyo iliyowatoa chumba cha maiti na kuwafikisha vitandani.

Msidhani hayo ni ya kale. Machi 2003, Hospitali ya Prince of Wales huko Hong Kong ilikuwa imemlaza mgonjwa ambaye hakuna aliyejua bado kwamba ana SARS, ugonjwa mkali wa kuambukiza wa mapafu. Alikuwa akipewa dawa kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta kwa pumzi, na wanafunzi wa tiba waliingia wodi hiyo kujifunza kupima wagonjwa. Watafiti walipowafuatilia wanafunzi 66 waliofika pale, 16 walikuwa wameugua.

Mwanafunzi wa tiba ni mtu wa kuzunguka. Asubuhi yuko wodi ya watoto, mchana kliniki ya kifua, usiku yuko bwenini na wenzake. Janga likiingia, yeye anaweza kulipitisha mahali pote hapo kabla hajakohoa hata mara moja. Kwa hiyo ujuzi wake wa kinga unawahusu watu wengi sana.

Sasa, anajua nini hasa? Mwulize kuhusu virusi vya korona, atakueleza umbo lake, dalili, jinsi chanjo inavyouandaa mwili. Huko sina wasiwasi naye. Nina wasiwasi na yale ambayo karatasi ya mtihani haiyafikii.

Chukueni kuvua vifaa vya kujikinga. Kuvaa ni rahisi. Umetulia na kila kitu ni safi. Kuvua unafanya umechoka, unatoka jasho, pua inawasha, na uchafu wote uko nje ya nguo zako. Hapo ndipo watu wengi wanapojichafua. Glovu hutangulia kwa sababu ndizo zilizogusa mengi. Barakoa hubaki hadi umeshatoka chumbani, na huvuliwa kwa kushika kamba zake, kamwe si mbele. Kisha mikono inaoshwa. Mwanafunzi anaweza kuyaandika haya yote bila kosa, halafu akavua barakoa kwanza kwa sababu anataka kupumua. Mimi siwezi kusema huyo anajua.

Tena maarifa ya janga huchakaa upesi. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwa likishauri kila mtu avae barakoa. Juni mwaka huohuo likabadilisha ushauri wake. Wapo walioona hiyo ni dalili ya kutojua kitu. Mimi naona ndivyo sayansi inavyopaswa kwenda ushahidi unapoongezeka, na mwanafunzi afundishwe kuuliza kila mwongozo: huu ni wa lini, na unasimama juu ya ushahidi gani?

Lakini lililo gumu kuliko yote, na naomba walimu wenzangu mnivumilie, ni cheo. Mwanafunzi anamwona daktari bingwa akitoka kitanda hiki kwenda kile bila kutakasa mikono. Anajua ni kosa. Atanyamaza, maana huyo ndiye atakayempa alama. Kesho na yeye atapita vivyo hivyo, kwa kuwa wodini mwanafunzi hujifunza zaidi kwa macho kuliko kwa kitabu. Tukitaka wajue kinga, basi tuwape ruhusa ya wazi, mbele ya wagonjwa na wauguzi, ya kutukumbusha. Nasi tukikumbushwa tuseme ahsante, tukaoshe.

Leo hatutaishia kwenye maneno. Mezani pale kuna glovu, magauni, barakoa, na poda inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV). Mtavaa, mtapakwa poda, mtavua, kisha tutazima taa za ukumbi tuone imebaki wapi. Walimu ndio watakaotangulia, nami nikiwa wa kwanza. Mkiona nimekosea utaratibu, semeni palepale.