Zana za Shamba Zinazodhaniwa Silaha

Ndugu wasikilizaji, naomba tuanze na chuma kimoja ambacho huko Marekani na Ulaya si ajabu kukikuta kwa wauza vitu vya kale, kimetundikwa ukutani pamoja na majambia. Urefu wake unakaribia mita moja, upande mmoja wa bapa una meno makubwa yaliyolala kama mawimbi, na kina mipini miwili ya mbao, mmoja mwishoni na mwingine umechomoza ubavuni. Anayekiona kwa mara ya kwanza husema huu ni upanga wa kumrarulia mtu. Kumbe ni kisu cha kukatia hei, yaani nyasi kavu za kulishia mifugo.

Kabla ya mashine za kufunga marobota kuenea, nyasi kavu zilirundikwa zikiwa huru, na rundo lilijikandamiza kwa uzito wake lenyewe hata uma haukuweza tena kunyofoa kitu. Mkulima alipanda juu yake, akakizamisha kisu na kukipandisha na kukishusha kama apasuaye mbao, akamega pande la kuwatosha ng'ombe wake siku ile. Tazameni ule mpini wa ubavuni: mikono yote miwili inasukuma chini, na kwa mshiko huo huwezi kumkabili adui.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa, maana tuna upanga wa vita na panga la shamba, shina la neno ni lile lile. Nasema kwa uchungu kwamba kila kibao cha maelezo kinachoandikwa "silaha" bila uchunguzi humfuta mkulima aliyeishika zana ile.

Ni kweli, zipo zana zilizokwenda vitani. Tarehe 4 Aprili 1794, huko Racławice, wakulima wa Poland waliokuwa chini ya Tadeusz Kościuszko, kiongozi wa uasi dhidi ya Urusi, waliivamia mizinga ya Warusi wakiwa na miundu mikubwa ya mipini mirefu. Lakini mundu wa kufyekea nyasi bapa lake hukaa kingamo na mpini, ili upite karibu na ardhi. Ili ufae vitani, bapa lilinyooshwa likafuata mpini kama mkuki. Kwa hiyo, mkiletewa mundu wa namna hiyo, msiyaangalie makali kwanza. Angalieni pale chuma kinapoungana na mpini, kama pamepindwa au pamenyooshwa.